Bastola ya marehemu baba: usiitengeneze, usiiuze, usiipakie kwenye mzigo

Maoni ya mwandishi wetu, Oicha, wilaya ya Beni, Kivu ya Kaskazini



Wiki iliyopita, tulipomaliza kikao cha kilabu cha wasikilizaji, mzee mmoja alinivuta kando. Jina lake sitalitaja, wala kijiji alikotoka. Alingoja watu watawanyike, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwana wangu, wewe unayezunguka sana, hujui fundi yeyote anayeweza kutengeneza bastola ya zamani?»

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Marehemu baba yake alikuwa akifanya kazi kwa Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Lubero. Mwaka 1960 Mbelgiji yule alipoondoka kwa haraka, aliacha nyumba, lori bovu, na ndani ya mtoto wa meza bastola moja kwenye mkoba wake wa ngozi. Baba akaichukua, akaificha. Alipofariki, mtoto akairithi. Tangu hapo bastola hiyo imehama pamoja na familia mara tatu, ikiwa imefungwa ndani ya kitenge chini ya sufuria.

«Papa,» nikamwuliza, «unataka itengenezwe ili uifanyie nini?»

Akanipa sababu mbili. Ya kwanza, usiku. Ninyi mnaokaa huku mnajua usiku wetu ulivyo, na mnajua ni majirani wangapi tumewazika. Ya pili, ikiwa haifai kwa ulinzi, basi auze. Amesikia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaolipa pesa nyingi kwa bastola za zamani, hasa zile za Ubelgiji. Aliwahi kuijaribu mara moja porini, miaka mingi iliyopita. Ilipiga mara mbili, mara ya tatu ikakwama.

Nilimwahidi kwamba nitatafuta jibu. Nimesoma, nimeuliza watu wanaojua silaha. Leo ninajibu hadharani, bila kumtaja, kwa sababu nilipoanza kuuliza, watu wengine wawili walinijia na habari ya namna hiyo hiyo. Tusijidanganye. Ndani ya vibanda na nyumba za wenyeji mna vitu vya zamani ambavyo hakuna anayethubutu kuvisema.

Jibu langu, Papa, ni hili: usiitengeneze, usiiuze, usiihamishe tena. Itoke mikononi mwako kwa njia salama. Na kwa viongozi wetu nina neno zito zaidi: njia hiyo salama hamjaifungua. Nitaeleza moja baada ya lingine.

Ni bastola gani hasa

Sikuiona, na nilimwomba asiniletee. Lakini alinieleza vizuri: maneno ya Kifaransa ubavuni, jina la Browning na la mji wa Herstal, na risasi zinazopangwa safu mbili ndani ya shajeri, kama askari wetu wanavyoita kile kisanduku kinachoingia ndani ya mshiko. Kwa maelezo hayo, inaonekana ni ile ambayo Wabelgiji waliiita GP, yaani Grande Puissance. Mmarekani John Browning ndiye aliyeanza kuichora. Alifariki mwaka 1926 huko Liège, kazi haijaisha, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Jeshi la Ubelgiji liliipokea mwaka 1935. Ilibeba risasi 13, jambo la ajabu kwa wakati ule, na majeshi ya nchi nyingi sana yakaitumia. Hapa kwetu ilifika pamoja na waliotutawala.

Leo ni kweli, wako watu Ulaya na Amerika wanaoikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu au saa za zamani. Mzee hakusikia uongo. Lakini sikilizeni wenye bastola hizo wanavyozieleza, ndipo mtajua kwa nini yetu haifanani na yao.

Wenye nazo wanalalamika

Wenye GP wanaipenda, lakini malalamiko yao ni mengi. Wanasema nyundo ya nyuma huuma ngozi ya mkono, pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kila inapopiga. Wanasema kizuizi cha zile za zamani ni kidogo mno, kidole hakikipati vizuri. Wanasema zile za miaka ya mwanzo zilitengenezwa kwa risasi ya pua ya mviringo. Ukiipa risasi ya namna nyingine, inakwama. Wanasema resori huchoka. Zile zilizotengenezwa wakati Wajerumani wameshika kiwanda cha Herstal, katika Vita Vikuu vya Pili, nyingi ni kazi ya haraka, chuma hakikulainishwa kama kabla ya vita. Tena wanaonyana jambo moja ambalo mzee wetu hakulijua: usihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na chuma kinaoza pole pole. Fikirini sasa miaka zaidi ya 60 ndani ya ngozi, kwenye ukungu wa milima ya Lubero, kisha ndani ya kitenge kwenye mvua za Oicha.

Sasa, mtu wa huko akipata tatizo, anafanya nini? Anayo karatasi ya serikali inayosema bastola ni yake. Anaipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye kibali, mtu aliyesomea kazi hiyo. Fundi anaivunja, anabadilisha resori, anapima mtutu kama umepasuka, anatazama kama risasi inakaa sawa ndani ya chemba. Pale Liège kuna ofisi ya kujaribu silaha iliyoanza mwaka 1672, na kila silaha inayopita pale inapigwa muhuri. Hata hivyo vipuri vimeanza kuwa shida: kiwanda kiliacha kutengeneza ile ya zamani, na ile mpya waliyoitoa mwaka 2022 vipuri vyake haviingii kwenye ya zamani. Basi mwenye bastola, akiwa na pesa na sheria upande wake, bado anahangaika kutafuta shajeri nzuri. Wengine wameacha kabisa kuipiga. Wameifungia kwenye sanduku la chuma, wanaitazama tu.

Hayo ni matunzo ya kitu cha zamani mahali penye fundi, vipuri, karatasi na sanduku la chuma. Papa, wewe una kipi katika hivyo vinne? Fundi utakayempata huku ni yule anayechomelea milango na kutengeneza gobori za wawindaji. Ni mtu mwerevu, simdharau, lakini resori atakayokutilia ameitoa kwenye kitu kingine, na mtutu hana cha kuupimia. Na siku atakapokamatwa, jina la kwanza atakaloulizwa ni la mteja wake.

Jambo ambalo linaua watoto

Hapa naomba akina mama wanisikilize zaidi.

Mzee aliniambia hana wasiwasi na wajukuu, kwa sababu shajeri ameitoa na kuiweka mbali. «Bila shajeri haiwezi kupiga,» akasema. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo.

Kwa bastola hii, baba hakusema uongo. Kiwanda kiliweka ndani yake kipande kidogo kinachozuia kifyatulio kisifanye kazi wakati shajeri imetoka. Lakini kipande hicho hicho ndicho kinachofanya kifyatulio kiwe kizito na shajeri isishuke vizuri, na kwa hiyo wenye bastola wengi, kwa miaka mingi, wamekuwa wakikitoa. Ukiitazama kwa nje hutajua kama kimo au kimetolewa. Yule Mbelgiji wa kahawa alikitoa? Mzee hajui, na mimi sijui. Risasi moja ikiwa imebaki ndani ya chemba, na kipande kikiwa kimetolewa, mtoto akivuta, inapiga.

Tena bastola nyingi nyingine zinazozunguka huku hazina kipande hicho kabisa tangu kiwandani. Tokarev na Makarov, zile za Kirusi, zinapiga hata shajeri ikiwa mezani, mradi risasi imo ndani. Kwa hiyo yule aliyejifunza kwa GP kwamba «bila shajeri ni salama» atamfundisha mtoto wake vilevile, na siku moja mtoto ataokota bastola ya aina nyingine kando ya njia.

Wazazi, wafundisheni watoto neno moja tu: silaha yoyote inaweza kupiga. Mtoto akiiona, asiguse, arudi nyuma, aite mtu mkubwa. Asijaribu kuonyesha kwamba anajua kuifungua.

Na risasi nazo zinazeeka. Risasi iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu inaweza kukataa. Inaweza pia kuchelewa: unavuta, unasikia «tik», unageuza mtutu kujitazamia kuna nini, ndipo inapopiga. Au baruti inakuwa dhaifu, risasi inabaki katikati ya mtutu, na ile inayofuata inapasua bastola mkononi mwako. Mzee aliniambia ya tatu ilikwama. Sikutaka kumtisha, lakini usiku ule nililala nikifikiria hiyo ya tatu.

«Lakini usiku nani atatulinda?»

Hili ndilo swali gumu, na sitalipita kwa haraka. Mtu ambaye serikali imeshindwa kumlinda, kumwambia aachilie silaha yake ni rahisi kwa anayelala nyuma ya ukuta wa matofali. Mimi nalala hapa hapa Oicha. Najua.

Lakini tupime. Wanaotushambulia huja kwa kundi, na bunduki za kivita na mapanga, gizani. Bastola inayokwama kwenye risasi ya tatu itafanya nini? Itatoa mlio, na mlio utaonyesha nyumba. Kilichookoa watu mara nyingi katika vijiji vyetu ni habari kufika mapema: simu ya jirani, filimbi, kengele ya kanisa, mtu aliyekimbia kuonya wengine. Hayo tuyaimarishe.

Kisha kuna barieri. Familia inapohama, mizigo inafunguliwa. Baba wa watoto sita akikutwa na bastola chini ya sufuria, kwa askari yeye hatakuwa tena mhamaji, atakuwa mpiganaji. Na akikutana na wale wengine msituni, atakuwa mtumishi wa jeshi. Sehemu zote mbili hakuna atakayesikiliza hadithi ya Mbelgiji wa kahawa. Sheria yetu juu ya silaha na risasi, ile ya mwaka 1985, inataka kibali kwa kila raia mwenye silaha. Na tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, makosa ya raia yakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Papa, kitu unachokiita ulinzi kinaweza kukutenganisha na wajukuu wako kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho.

Kuhusu kuiuza

Wakusanyaji wa Ulaya wanalipa, ni kweli. Wanalipia namba zinazolingana, rangi ya kiwanda isiyoguswa, na karatasi zinazoonyesha ilikotoka. Bastola yenye kutu, bila karatasi, iliyotoka sehemu ya vita, mkusanyaji mwaminifu haigusi, kwa sababu itampeleka jela huko kwao.

Atakayekuja kuinunua ni mtu wa hapa. Atakupa dola chache gizani, na hataiweka kwenye kabati la kioo aitazame. Miezi michache baadaye utasikia kwamba muuza mafuta amepigwa risasi kwenye njia ya Mbau, au kwamba motari ameporwa pikipiki yake. Hutajua kama ni ile. Utabaki unajiuliza maisha yako yote.

Sasa, viongozi wetu

Nimemwambia mzee aachilie. Akanitazama, akauliza: «Nimpelekee nani?» Ndugu zangu, nilikosa jibu, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Tunayo programu ya taifa ya kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, PDDRCS, iliyoundwa mwaka 2021. Iliundwa kwa ajili ya wapiganaji. Anayetoka msituni na bunduki yake anaandikwa jina, anapokelewa. Mzee asiyewahi kupigana siku hata moja, mwenye bastola ya urithi, hajulikani aingie mlango gani. Akienda polisi peke yake anaogopa kulala huko. Akienda kambi ya jeshi anaogopa zaidi. Basi anaifunga tena kwenye kitenge. Nchi yetu imekubali mapatano makubwa juu ya silaha ndogo ndogo, ile ya Nairobi ya mwaka 2004 na ile iliyopitishwa Kinshasa mwaka 2010. Karatasi tunazo. Mlango wa kugonga ndio unaokosekana.

Tena jambo hili linawezekana. Ubelgiji wenyewe, nchi iliyotengeneza bastola hii, iliona kwamba raia wake wengi wana silaha za marehemu babu zilizofichwa bila kibali. Mwaka 2018, kuanzia Machi hadi mwisho wa Desemba, serikali yao ikawaambia: leteni, tutaziandika au mtaziachilia, na hamtashitakiwa kwa kosa la kuwa nazo. Miezi kumi. Na huko hakukuwa na vita. Hata hapa Congo tumewahi kujaribu: katika Katanga, mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake PAREC walipokea bunduki na kutoa baiskeli. Mengi yamesemwa juu ya kazi ile, lakini ilionyesha kwamba Mcongomani akiona mlango usio na mtego, anaingia.

Mimi siombi baiskeli wala dola. Pesa inaweza kuwavuta watu kutafuta silaha ili waje kuziuza. Ninaomba mambo manne tu, na ninawaandikia moja kwa moja viongozi wa wilaya na wa mkoa.

Kwanza, tangazeni muda unaojulikana, kwa redio na makanisani na misikitini, ambao raia ataleta silaha ya zamani bila kushitakiwa kwa sababu ya kuwa nayo. Liandikwe na kutiwa sahihi, pamoja na mwendesha mashitaka wa kijeshi. Neno la mdomo halitoshi.

Pili, aliye na silaha asitembee nayo njiani. Atoe habari tu, na watu wanaojua kazi waje kuichukua pale ilipo.

Tatu, apewe karatasi inayoonyesha alichotoa, tarehe na namba ya silaha.

Nne, silaha hizo ziharibiwe mbele ya macho yetu, pamoja na mashirika ya kiraia. Tumechoka kusikia kwamba bunduki iliyopokelewa mchana imeonekana usiku mikononi mwa mwingine. Tusipoona chuma kikikatwa, hakuna atakayeleta.

Kwa leo, kabla mlango haujafunguliwa

Papa, na ninyi wengine wawili, na wale ambao hamjaniambia. Usiivunje, usiijaribu, usivute kitu chochote kuona kama bado inafanya kazi. Usiibebe kwenda nayo mahali. Iache ilipo, mbali na watoto, na watu wajue wasiguse. Nenda mikono mitupu kwa mtu mnayemwamini: padri, mchungaji, shehe, mwanasheria wa haki za binadamu, au kiongozi wa mashirika ya kiraia. Mweleze. Yeye ndiye aende pamoja nawe kwa mwenye mamlaka, msiwe mtu mmoja bila shahidi. Na mkifika huko, ombeni maandishi.

Jumapili nilirudi kwa mzee nikamwambia haya yote kabla ya kuyaandika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba bastola ile ndiyo kitu pekee cha baba yake kilichobaki; nyumba ilichomwa, shamba liko mikononi mwa wengine, hata picha hakuna. Sikuwa na la kumjibu juu ya hilo. Mjukuu wake wa kike, wa miaka saba hivi, alikuwa amekaa karibu, akichambua maharagwe juu ya kitenge.

Mzee amekubali kwenda kumwona padri wiki hii. Nitamsindikiza. Wenye mamlaka wakitupokea vizuri, nitakuja kuwaeleza hapa. Wakitupokea vibaya, nitakuja kuwaeleza vilevile.